Kadi ya Rangi Nne ya Bi. Shekha

Saa mbili na robo asubuhi, Jumamosi, na kioo cha televisheni ni cheusi tii. Bi. Shekha Abdulghani amepiga magoti kwenye zulia la chumba cha michezo, katika hoteli moja ya ufuoni kaskazini mwa mji wa Malindi. Buibui amelikunja kiunoni na bisibisi ameiuma kwa meno.

Anabonyeza swichi. Kompyuta inanguruma, taa yake ndogo inawaka. Kioo hakisemi kitu.

"Juzi yalikuwa yaenda, wallahi," anasema, akiitoa bisibisi mdomoni. "Mambo yote yalikuwa yaenda."

Anazima, anahesabu hadi kumi, anawasha tena. Weusi ni ule ule. Chumbani kuna baridi ya kiyoyozi kilichokesha kikiwaka, na mwandishi wa makala haya amekwisha kujuta kuacha sweta Nairobi. Lakini paji la uso la Bi. Shekha linatoka jasho.

Ana sababu. Wageni wapya wanafika mchana. Saa sita ikipiga kabla kompyuta hii haijaonyesha mchezo wowote, kazi ya kutunza mitambo ya hoteli itapewa kampuni moja ya Mombasa, na yeye atafunga karakana yake mwisho wa mwezi huu wa Agosti 1988.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja katika mji wa kale wa Malindi, kati ya muuza vitambaa na kinyozi. Aliachiwa na babake, marehemu Mzee Abdulghani, aliyekuwa akitengeneza redio tangu zile za taa za kioo. Bi. Shekha, ambaye sasa ana umri wa miaka thelathini na minane, alijifunza kazi hiyo kwa kumshikia babake tochi. Mzee alipofariki, watu walidhani bintiye angeuza vifaa. Yeye alinunua chuma kipya cha kulehemu.

"Wanaume walikuwa wakija, waniuliza, fundi yuko wapi," anasimulia akicheka. "Nawambia kaeni, anakuja. Nawatengenezea redio, nawapa. Wakisha kulipa ndipo hujua kuwa fundi ameshakuja."

Siku hizi kicheko hicho kimepungua. Redio ndogo za plastiki zimejaa madukani, zikiharibika hutupwa. Mwezi mzuri humwachia Bi. Shekha shilingi mia tisa, na kodi ya chumba ni mia tatu na hamsini. Hoteli imeahidi elfu moja na mia nane kila mwezi kwa atakayetunza televisheni zake, redio zake na hiki kitu kipya, kompyuta ya michezo. Asipopata kazi hiyo, itambidi akaajiriwe katika karakana ya mtu huko Mombasa.

Ahadi hiyo ilitoka kwa Bw. Joram Thuku, msimamizi wa burudani za wageni, mzaliwa wa Limuru aliyehamia pwani miaka sita iliyopita. Ofisi ya uhasibu ya hoteli ilikuwa imetupa kompyuta iliyoungua umeme ulipopanda ghafla. Bw. Thuku alimwita Bi. Shekha aitazame.

"Nilimwambia ukweli," anasema Bw. Thuku. "Mvua ikinyesha wageni wananiuliza wafanye nini. Nikamwambia, mama, ukiifanya hii icheze michezo, kazi ni yako. Lakini hoteli haitoi hata senti moja mpaka ione kwa macho."

Bi. Shekha aliifufua kompyuta kwa wiki mbili. Viungo viwili vilikuwa vimekufa kabisa: kioo chake, na kadi ya picha, yaani kile kibao cha saketi kinachochomekwa ndani ya kompyuta na kuiambia ichore nini kiooni. Kioo kipya hakikuwa katika uwezo wake. Alikuwa na televisheni ya rangi ya inchi kumi na nne, ya kutumia betri ya gari, na shilingi elfu mbili na mia mbili za akiba.

Hapo ndipo mwandishi alipoanza kumwona mwanamke huyu kwa jicho jingine. Wengi wetu tungekwenda dukani na kuuliza kadi ipi ni nzuri. Yeye alipanda basi la Mombasa na televisheni yake mapajani, imefungwa kwa leso, nyaya tatu zikichungulia kwa nyuma.

Muuzaji wa vifaa hivyo Mombasa, kijana aitwaye Amin, bado anaicheka siku ile. Alimwekea kadi tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya rangi moja, herufi zake kali kama za gazeti, shilingi elfu moja na mia tano. Ya pili ilikuwa imetumika, yenye rangi nne tu kwenye michezo, elfu mbili na mia moja. Ya tatu ilikuwa mpya, rangi kumi na sita, elfu nane.

"Nilimwambia, dada, kama fedha huna chukua ya rangi moja, ni imara," Amin anaeleza kwa simu. "Kama wataka michezo hasa, kakope ununue ya elfu nane. Hii ya katikati si chai si maji. Akawa auliza maswali saa nzima! Nikamwambia mchagua jembe si mkulima."

Bi. Shekha hakubishana. Aliomba kadi zichomekwe moja moja kwenye kompyuta ya dukani, naye akaziunganisha nyaya zake.

Siri ya nyaya zile ni elimu ya babake. Televisheni ya rangi, kwa aliyewahi kuifungua, huchora kila kitu kwa rangi tatu tu: nyekundu, kijani na buluu. Bi. Shekha alikuwa amezitafuta njia za rangi hizo ndani ya televisheni yake na kuzitolea waya kila moja. Alitaka kadi iseme na kioo moja kwa moja, bila mkalimani.

Kadi ya rangi moja ilitoa mistari iliyolala upande. Ya elfu nane, fahari ya duka, nayo ilichana picha vipande vipande. Kadi zote mbili huchora mistari yake kwa haraka kuliko televisheni inavyoweza kufuata. Ilipochomekwa ile iliyotumika, picha ilitetemeka kidogo, Bi. Shekha akagusa kirungu cha kurekebishia picha nyuma ya televisheni, nayo ikatulia tuli.

"Amin aliiacha meza yake," anakumbuka. "Alikuja mbele ya kioo akakaa chini, kwenye sakafu. Nikamwambia, usiulize kadi ipi nzuri. Uliza kioo chako chaweza kufuatana na ipi."

Hakuna aliyemfundisha hilo. Hakuna kitabu cha kompyuta katika karakana yake. Alifikiri tu, kwa subira, kutoka kwenye kitu anachokijua hadi kwenye kitu asichokijua, na akafika mahali ambapo mwenye duka hakuwa amefika. Mwandishi anakiri kwamba amehoji wakubwa wengi, wachache walimshangaza hivi.

Lakini mjuzi naye ana siku yake, na siku ya Bi. Shekha ni hii ya leo.

Saa tatu na nusu, kioo bado cheusi. Bw. Thuku ameingia mara mbili, ametazama saa yake, ametoka. Bi. Shekha amepima nyaya zote tatu. Amepima umeme. Televisheni ni nzima, kompyuta ni nzima.

"Nieleze," anajiambia kwa sauti. "Alhamisi uliiacha yaenda. Ijumaa ukafanyani?"

Anahesabu kwa vidole. Ijumaa asubuhi aliifungua kompyuta ili ibebwe kwa mkokoteni. Aliitoa kadi, akaipangusa, akaipaka mafuta. Alasiri akaleta kila kitu hotelini, na vikalala humu chumbani hadi asubuhi, kadi ikiwa ndani ya kitambaa chake. Leo saa mbili ndipo alipoichomeka.

Mwandishi anauliza: mafuta gani?

"Mafuta ya nazi," anajibu, kana kwamba ameulizwa maji ni nini. "Chumvi ya bahari hula shaba. Babangu kila chuma alikipaka mafuta ya nazi kidogo tu. Redio zake mpaka leo hazina kutu."

Anaichomoa kadi na kuipeleka dirishani. Kando yake moja kuna safu ya meno ya rangi ya dhahabu, ambayo ndiyo hushikana na kompyuta. Meno hayo yana utando mweupe. Mwanzo anadhani ni chumvi. Anaweka ncha ya kidole, anasubiri. Utando unayeyuka. Anakinusa kidole.

Kisha anaanza kucheka. Anacheka mpaka anakaa chini, mgongo ukutani, kadi kifuani. Bw. Thuku anakuja mbio akidhani kuna aliyeumia.

"Bwana Thuku, ni mafuta! Yameganda!"

Bw. Thuku anaitazama kadi, naye anatikisa kichwa. "Mama, ungeniuliza mimi. Mke wangu humpelekea mamake mafuta ya nazi Limuru. Mwezi wa saba huyachota kwa kisu. Nyinyi watu wa joto hamjui kitu kinaitwa kuganda."

"Karakanani kwangu hayajaganda siku hata moja," anasema Bi. Shekha, akipangusa machozi. "Babangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kulala kwenye kiyoyozi."

Ni kosa ambalo fundi wa Nairobi asingelifanya, kwa kuwa hana bahari ya kuiogopa. Redio za Mzee Abdulghani zilikuwa na vyuma vinene vya kubana, vilivyopenya mafuta yoyote. Meno ya kadi ni membamba, na baridi ya usiku mmoja imeyavika nta.

Bi. Shekha anachukua pamba na spiriti, anafuta jino moja moja, upande huu na upande ule. Kisha anatoa raba ya penseli mkobani na kuyasugua taratibu, yang'ae. Inamchukua dakika ishirini. Bw. Thuku ameacha kutazama saa. Anamshikia tochi bila kuambiwa.

Kadi inaingia mahali pake. Swichi inabonyezwa.

Kioo kinapepesa, kinatetemeka, kisha kinatulia. Weusi, weupe, samawati na waridi. Rangi nne tu, lakini zimekolea kama leso mpya. Mchezo umeanza: katikati kuna nyoka mdogo mweupe wa kuongozwa, na pembeni mwa kioo kuna tunda la waridi la kumlisha.

Mgeni wa kujaribu hayupo. Bw. Thuku anamwita Dena, mtunza bustani, mtu wa makamo kutoka vijiji vya nyuma ya Malindi, ambaye alikuwa akipita dirishani na reki yake. Dena anafuta miguu mara tatu kabla ya kukanyaga zulia. Bi. Shekha anamwonyesha vitufe vinne: juu, chini, kushoto, kulia.

Dena anabonyeza. Nyoka anageuka. Anarudisha mkono haraka, anawatazama watu wote mmoja mmoja, kisha anabonyeza tena.

"Mulungu wangu," anasema kwa sauti ya chini. "Yuanisikia."

Televisheni sote tumeizoea. Tunakaa mbele yake, inatuambia, tunaitika. Mwandishi hakuwahi kuona televisheni ikingoja amri ya mtunza bustani. Nywele zilimsimama, na haoni haya kuliandika hilo gazetini. Dena alimlisha yule nyoka matunda kumi na moja kabla ya kugonga ukuta, na alipogonga aliomba radhi, kana kwamba amevunja sahani ya mtu.

Saa tano na dakika kumi Bw. Thuku anamnyooshea Bi. Shekha mkono. "Kazi ni yako, mama. Kuanzia leo."

"Alhamdulillahi," anasema yeye, na kwa muda anageuka dirishani.

Halafu anauliza jambo moja. Je, anaweza kumleta mamake jioni, aone tu, hatakaa? Bw. Thuku anatazama chini. Ni mtu mwema, na jibu linamwia zito. Chumba cha michezo ni cha wageni wa hoteli. Hata Dena, kusema kweli, asingeingizwa.

Bi. Shekha anaitikia kwa kichwa na kukusanya vifaa vyake. Anarudi mjini, mwandishi akimfuata. Anapofika mlangoni kwao ndipo anapomwambia mwandishi mpango wake: mishahara mitatu ya kwanza, kila senti itakayobaki, ni ya mashine ya pili. Amin amekwisha kumwekea kadi nyingine iliyotumika. Mashine hiyo itawekwa barazani mwa karakana, atakayepita atakaa.

Ndani, Bi. Nana, mamake, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, anachambua mchele kwenye ungo. Mwandishi anaamkia shikamoo, anaitikiwa marahaba, anaketishwa. Bi. Shekha anaeleza yote: kadi, mafuta, nyoka, Dena, na mlango wa hoteli.

Kikongwe anasikiliza mpaka mwisho, vidole havisimami mcheleni.

"Miezi mitatu si mingi," anasema. "Televisheni miaka yote hunambia mambo, nami hukaa kimya. Iundeni hiyo yenu, mwanangu. Na mimi nataka niiambie nenda kule, iende."