Neno la Kuwatoa Majini

Kwa miaka minane Hénock amelinda jengo moja la Doornfontein, katikati ya Johannesburg, na chini ya jengo hilo unapita Jukskei, mto ambao wajenzi wa mji wa dhahabu waliufungia ndani ya mfereji wa matofali. Wenye mji wanaukanyaga bila habari. Yeye anaujua: mvua ikinyesha mjini, husikia ukinguruma chini ya kiti chake. Ndiyo maana kanisa lao la Wakongomani lilimpa kazi ya kusimama upande wa juu wa mto kila siku ya ubatizo, akichunga jiwe moja ukingoni. Jiwe likifunikwa, watu watoke.

Jumapili ile ilikuwa zamu ya mke wake, Falonne, kubatizwa. Hapo walipokuwa, kando ya kitongoji cha Alexandra ambako mto huo hufika kutoka mjini, jua lilikuwa linachoma, lakini kule mjini wingu jeusi lilikwisha kuyameza maghorofa. Maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Jiwe likazama.

"Mutoke!" alipiga kelele. "Mutoke mu mayi!"

Masikini! Kanisani kwao "toka" ni neno la kufukuzia mapepo. Watu wakainua mikono, wakamwitikia: "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" Pasta Marcellin, maji yakimfika kiunoni, akafurahi kupata msaidizi. Kadiri Hénock alivyopaza sauti ndivyo walivyozidi kushangilia, na mto unapanda.

Ikabidi atafute neno jingine. Akalipata, nalo lilikuwa uongo mtupu.

"Imigresheni! Imigresheni wanakuja!"

Eish, zilipigwa mbio! Pasta ndiye aliyetangulia vichakani, kanzu kaikunja mkononi. Akabaki mtu mmoja tu mtoni. Makaratasi ya Falonne ya kuishi nchini yalitoka mwezi uliotangulia, baada ya miaka kumi na mmoja ya kujificha, na siku alipoyapata aliapa mbele ya mumewe kwamba hatamkimbia mtu tena katika nchi hii. Alisimama wima, kidevu juu.

Hénock akateremka akijikwaa, akaikamata kanzu nyeupe ya ubatizo ya mkewe, akavuta.

"Niache! Niko na makaratasi!"

Hakumwacha. Walikuwa ndio kwanza wamefika juu ya ukingo maji yalipopita pale aliposimama, yamebeba matairi, magogo na mlango wa friji.

Falonne akatazama huku na huku. "Imigresheni iko wapi?"

Hénock akaunyooshea mto kidole. Kisha akalia.

Kichakani, Pasta aliuliza kwa sauti ya chini, "Wamepita?"

"Wamepita, Pasta," Falonne akajibu. "Hawakuuliza makaratasi."