Mashine ya Reli Kwenye Duara

Kazi yangu ni kutoboa reli. Nikisema hivyo watu hucheka, kwa hiyo nieleze kwanza. Reli ikivunjika tunakata kipande kibovu na kuweka kingine, halafu vipande hivyo vinashikwa pamoja kwa mabamba ya chuma, moja huku na moja huku, na boliti zinapita katikati. Ili boliti ipite lazima reli iwe na tundu. Zamani tundu lilitobolewa kwa mkono, watu wawili, mmoja anazungusha na mwingine anamwagia maji, wanapokezana mpaka mikono inakufa ganzi. Sasa tuna mashine ndogo ya petroli. Injini yake ni kama ya msumeno wa kukatia miti. Ina mkono wa chuma unaoibana reli, na mbele ina biti nene kama kidole gumba. Ukishaibana unawasha, unasukuma wenzo taratibu, na kabla hujamaliza kumsimulia mwenzako habari za jana tundu limetoka.

Mwaka juzi dada yangu mdogo alikuja Shinyanga na mumewe kumtibia mtoto macho. Wakakaa kwangu siku nne. Siku moja wakanikuta kazini, karibu na kivuko cha barabara, nikatoboa tundu wanaona. Shemeji yangu alichuchumaa kabisa, akaokota vile vinyweleo vya chuma vinavyotoka, akavigeuzageuza mkononi. Yeye ni mkulima wa mpunga na mahindi huko karibu na Kharumwa, lakini kiangazi huwa anashuka kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, kuchimba dhahabu kama wengi wa kwao. Akasema wangekuwa na kitu kama hiki chini kule wangepumzika. Nikamwambia, bila kufikiri sana, kwamba mashine hii haijui kigumu. Hayo ni maneno yangu, nayakumbuka. Sikusema kwamba inafanya kazi kwenye reli peke yake. Nilikuwa nafurahia kuangaliwa.

Basi, Jumapili moja ya mwaka huu, saa moja asubuhi, najiandaa kwenda misa, dada akapiga simu. Hakusalimia. Alisema duara limetitia tangu jana jioni, mumewe yuko ndani na mwenzake mmoja, na wako hai kwa sababu wanasikika wakigonga. Kifusi kimeziba njia waliyoingilia. Watu wameshuka kwenye duara la jirani, na kutoka huko mpaka walipo umebaki ukuta wa mwamba. Wanaupasua kwa nyundo na moko, yaani ile patasi ya wachimbaji. Mwamba ni mgumu.

Halafu akasema, "Kaka, lete ile mashine."

Nikageuka kuutazama ufunguo wa stoo ukutani. Yeye akadhani mtandao umekatika, akaita kaka, kaka.

Hapa ndipo ninapojiuliza kila nikilishika daftari hili ninaloandikia. Nilijua. Biti yetu ni fupi, kazi yake ni kupita kwenye unene wa reli tu. Na mashine yenyewe bila reli ya kuibana haina pa kushikia, ni kama mtu asiye na miguu. Ningeweza kumwambia hayo kwa maneno kumi. Lakini nilikuwa namsikia anavyohema, na nyuma yake wanawake wanasali rozari, nikasema nakuja nayo.

Sitaki kujipendelea wala kujidhulumu. Labda sehemu moja ya moyo wangu iliamini kweli. Chuma ni kigumu kuliko jiwe, ndivyo tunavyoona sisi tusiosoma sana, na mashine inayotoboa chuma itashindwaje na jiwe? Nimeishia darasa la saba. Sikuwahi kuijaribu kwenye jiwe, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba nilijua kwa asilimia zote.

Nilikwenda kwa mnyapara wetu kwa sababu kifaa ni cha kazi, si changu, ingawa ufunguo wa stoo hukaa kwangu. Nilimkuta anakunywa chai. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu, kama hiyo mashine itabana wapi. Nikamwambia sijui. Akakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Mimi sijakuona," akasema. "Kesho kutwa iwe imerudi. Na umwambie dada yako ukweli ukifika."

Wapo wenzangu waliomlaumu baadaye kwamba alinilegezea. Si haki. Alinipa nafasi, na akanipa shauri la kweli pia. Sehemu ya kwanza niliichukua, ya pili nikaiacha.

Niliifunga mashine kwenye gunia, nikapanda gari mpaka Kahama, nikabadilisha, na mwisho nikachukua bodaboda, gunia nimelipakata kama mgonjwa. Njiani dada alipiga simu mara tatu kuuliza nimefika wapi. Mara ya tatu alisema amewaambia wote, na wananisubiri. Nilisikia neno kunisubiri likapita tu. Nilidhani ni kusubiri kwa kawaida, kama watu wanavyomsubiri mgeni.

Nilifika saa tisa alasiri. Watu wa wilaya walikuwepo, wamefunga kamba kuzuia umati usikaribie ukingo. Walikuwa wameshaomba kijiko, lile gari kubwa la kuchimbia, kije kufukua, kijiko kikaja, lakini hakikuweza kusogea kwa sababu eneo lote lina mashimo na uzito wake ungeporomosha mengine. Nasema hivi kwa sababu msibani walisemwa vibaya sana kwamba walisimama tu. Walisimama, ni kweli. Sijui mtu mwingine angefanya nini pale zaidi ya kusimama.

Dada alinishika mkono akanipitisha katikati ya watu akisema, "Kaka yangu huyo, pisheni, ndiye mwenye mashine." Wakapisha. Wanawake wengine walipiga makofi kidogo kidogo, kama wanavyompokea padri. Akina mama wakubwa niliowaamkia waliitikia marahaba upesi upesi, macho kwenye gunia.

Kiongozi wa wachimbaji alikuwa mzee mfupi, mwili wote vumbi jeupe hadi kope. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kama niko tayari, maana wao wameacha kupiga moko tangu saa tano.

Nikauliza kwa nini wameacha.

Akasema kila wakigonga, changarawe zilikuwa zinamwagika kutoka juu, wakaogopa kuwaangushia walioko ndani mzigo mwingine. Walipokuwa wanabishana waendelee au wapumzishe mwamba, dada yangu akawaambia inakuja mashine inayozunguka bila kupigapiga. Wakaona bora waisubiri.

Saa tano mpaka saa tisa. Nilihesabu hapohapo, gunia bado begani.

Nililifungua. Yule mzee aliitazama mashine, akaushika ule mkono wa kubania, akaufungua na kuufunga. Mtu wa kazi huijua kazi. Aliniangalia usoni nikajua ameshaelewa, lakini hakusema kitu mbele ya dada. Vijana ndio waliosema. Mmoja akashauri tuibane kwenye bomba la chuma, bomba tulifunge kwa kamba kwenye magogo ya kuzuilia udongo. Mwingine akamtania kwamba atafunga na ng'ombe kabisa ili avute. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha watu wasiolala.

Tukajaribia juu kwanza, kwenye jiwe lililotoka kwenye mwamba uleule. Tukaibana mashine kwenye bomba, watu wanne wakalishikilia, mimi nikawasha. Mlio wake ulipotoka, dada alifumba macho akaanza kusali kwa Kisukuma. Biti iligusa jiwe, ikateleza. Nikasukuma zaidi. Ikatoa cheche na harufu ya kuungua, ikachora mstari mweupe kama chaki. Nikamwagia maji, nikajaribu tena, na tena. Nilipoizima, ncha ya biti ilikuwa imekuwa ya bluu na butu, na kwenye jiwe palikuwa na kishimo ambamo hata maji ya kunywesha kuku yasingekaa.

Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, hata kama ingetoboa. Moshi huo ukiingia chini, nani atatoka?"

Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Injini ya petroli ndani ya shimo lisilo na hewa. Miaka yote nafanya kazi hadharani, upepo unapita, moshi sijawahi kuuona kama kitu. Ningeweza kuwaua hata waliokuwa wazima. Niliona aibu ambayo sijui niielezeje, nikaanza kuomba radhi. Yeye akasema niache, nimekuja kwa wema, na kwamba vijana walihitaji kupumzika mikono vilevile. Akavua shati, akachukua moko na nyundo, akashuka. Wawili wakamfuata. Baada ya muda tukasikia sauti kutoka chini, ko, ko, ko.

Dada aliniuliza kama imeharibika. Nikasema ndiyo, biti imeungua. Huo si uongo, lakini pia si jibu la alichouliza.

Waliupenya mwamba Jumatatu asubuhi. Mwenzake alitoka hai, wamemfunika macho kwa kitambaa. Shemeji yangu walimtoa baadaye. Alikuwa na jeraha la ubavuni, tangu kifusi kiliposhuka, lakini daktari alisema na hewa pia ilipungua. Alisema yote mawili. Nilitamani aseme moja.

Nilirudisha mashine Jumanne kama nilivyoahidi, nikamweleza mnyapara habari yote, hata ile ya biti. Akasema biti ni biti, akanipa ruhusa ya kurudi msibani.

Siku ya tatu baada ya mazishi yule aliyetoka hai alikuja kutoa pole. Alitembea kwa fimbo. Tulikaa chini ya turubai, upande wa wanaume, na watu walipopungua nikasogeza kiti changu karibu na chake. Nilikuwa nimepanga kutouliza. Nilijiambia kwamba kumuuliza ni kumtonesha, na ni kweli ni kumtonesha, lakini sidhani kama hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu.

Nikamuuliza shemeji alifariki lini.

Akasema mle ndani hakuna lini. Simu yake ilizima mapema, giza likawa moja. Anachokumbuka ni sauti. Walikuwa wanasikia moko, na shemeji yangu, pamoja na maumivu yake, alikuwa anahesabu mapigo. Alikuwa anasema hawa wanakuja, hawa wanakuja. Halafu moko ikakoma.

"Alisema wamechoka, watarudi," akasema. "Tukangoja. Baadaye akasema, labda wametuacha. Mimi nikamwambia hapana, lakini hata mimi niliamini hivyo. Akanyamaza. Nilikuwa nimemshika mguu. Moko ilipoanza tena nilimtikisa asikie, hakuitika."

Nikamuuliza kama aliponyamaza alikuwa amelala au vipi. Akasema hajui. Huenda alikuwa amezimia, huenda ndio ulikuwa mwisho. Akaniuliza mimi sasa, kwa nini waliacha kupiga. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kujua. Nilimwambia changarawe zilikuwa zinamwagika, waliogopa kuwaangushia mwamba. Akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, hata wao zilikuwa zinawamwagikia, vizuri walivyopumzisha.

Nikaiacha hivyo. Ningeweza kuongeza sentensi moja. Ilikuwa mdomoni.

Nimejaribu kulipima jambo hili kwa haki. Huenda wasingeendelea kupiga hata kama nisingekuja, changarawe zingewazuia. Huenda wangeendelea na mwamba ukawaangukia wote wawili, na huyu aliyekaa na fimbo asingekuwepo. Huenda shemeji alikuwa anakufa kwa ubavu tu. Na huenda saa zile nne za kunisubiri ndizo zilizokuwa za kwake. Kila upande nikiupima unakuwa mzito, naweka kalamu chini.

Jioni ile wageni wapya walifika kutoka Bukombe, ndugu wa shemeji wa upande wa baba yake, waliochelewa mazishi. Dada aliwasimulia mambo yalivyokuwa, kama mfiwa anavyolazimika kuyasimulia upya kila gari linaposhusha wageni. Alipofika kwangu akageuka, akanionyesha kwa mkono.

"Huyu hakulala," akasema. "Alitoka Shinyanga na mashine ya serikali, angeweza hata kufukuzwa kazi. Walioko pale wote walisimama wakamsubiri yeye."

Wale wazee wakainuka mmojammoja, wakanipa mkono. Wa mwisho aliushika kwa mikono yake miwili na kunishukuru kwa niaba ya ukoo. Nikasema asante baba. Dada alikuwa ananitazama, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili uso wake umetulia kidogo, nikakaa chini.