Fundi viatu aliyeandikishwa kuwa mshona nguo

Saa mbili asubuhi Mama Viraka ameshakibana kiatu cha mlinzi wa hospitali katikati ya magoti, anashona soli iliyoachama. Mwenye kiatu amesimama kwa mguu mmoja. Zamu yake imeshaanza.

"Usinune, baba," anamwambia. "Ukiingia peku watakulaza wodini."

Ana miaka ishirini na miwili kwenye kazi hii, katika kibanda cha hatua tatu kwa mbili nyuma ya soko. Kwa siku hupitisha mikononi jozi kama kumi na tano. Lakini kilichokuwa kikimlisha hasa ni viatu vya matairi alivyovitengeneza mwenyewe na kuvining'iniza mlangoni.

Mwezi uliopita nusura apoteze kazi na kibanda. Kwenye fomu ya kibali kipya cha biashara, palipoulizwa aina ya shughuli, aliandika neno moja tu: nashona. Ofisi ikamwandikisha mshona nguo. Mkaguzi alipofika, akaulizia cherehani.

"Nikamwonyesha sindano," anasimulia. "Akaandika kwamba biashara haipo. Na mimi nimekaa mbele yake, mzima wa afya."

Akapewa wiki mbili kurekebisha, la sivyo kibanda apewe mwingine. Akarudi ofisini. Karani, kijana mpole, akamweleza kwamba kuna mafungu matatu: wanaozalisha, wanaouza na wanaotoa huduma. Achague moja.

"Mwanangu, mimi asubuhi naunda, mchana nauza, jioni naziba matundu," alimwambia. "Unikate vipande vitatu?"

"Mfumo haukubali, mama."

Fungu la uzalishaji lilidai karakana yenye kuta za matofali. La kuuza lilikataza ukarabati. Akachagua huduma, akatia saini, akarudi kuvitungua viatu vyake vyote mlangoni. Siku hiyo, anakiri, alilia.

Amekipata kibali, kibanda bado ni chake. Ila ukarabati peke yake hautoshi kulipa kodi ya nyumba, kwa hiyo ameyasoma masharti mara tatu na kupanga lake. Mteja akija na kipande chake cha tairi, akataka kigeuzwe kiatu, hiyo ni huduma.

Na asiye na tairi?

Mama Viraka anaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa njia, ambako mwanamume mmoja anapanga matairi chakavu.

"Yule ni shemeji yangu," anasema. "Kibali chake ni cha kuuza."