Kibofu, Ulanzi na Suti ya Mgeni Rasmi

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani sakafu ya maabara ipasuke nidumbukie ndani, na nawasimulia ninyi kwa sababu ni watu wangu, na pia kwa sababu najua Yustina ameshawasimulia kwa namna yake, akaruka sehemu yote ambayo mimi nilikuwa na akili. Ndiyo, nilimwogesha mgeni rasmi kwa pombe mbele ya wazazi wa shule nzima. Nakubali. Aibu niliyoipata ingetosha kugawiwa darasa zima na bado ikabaki. Lakini sikilizeni yote kwanza ndipo mcheke.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule moja ya wasichana pale Iringa, miaka ile ya sabini ambayo sukari ukiiona dukani unaita wenzako waje waione. Kwetu ni Mbalizi, baba yangu alikuwa na bucha sokoni, na mimi (sitawadanganya kwa unyenyekevu) nilikuwa namba moja wa baiolojia, isipokuwa mikono yangu ilikuwa na haraka kuliko kichwa. Nilishavunja vioo vya maabara mpaka mkuu wa shule, mama mmoja mrefu ambaye hakuwahi kupaza sauti wala hakuhitaji, akaniita ofisini kwake. "Atupele," akasema, "siku ya wazazi utaonyesha jaribio moja. Likienda vizuri, unabaki mchepuo wa sayansi. Likiharibika, muhula ujao unahamia maarifa ya nyumbani, ukajifunze kutulia." Sina ugomvi na kupika wala kushona, lakini mimi nilitaka seli, nilizipenda seli kama wenzangu walivyopenda dansi.

Mwalimu Sanga, aliyetufundisha baiolojia, akanipa jaribio la utando wa seli. Ni hivi: kila seli, iwe ya mtu, ya mbuzi au ya mhindi shambani, imezungukwa na utando mwembamba ajabu, na utando huo ndio mwenye amri ya nini kiingie na nini kitoke. Maji yanapita, sukari inazuiwa. Sasa huwezi kuwaonyesha wazazi kitu kisichoonekana kwa macho, kwa hiyo unachukua kibofu cha mbuzi kisimame badala ya utando, unakijaza maji ya sukari, unakifunga mdomoni mrija mrefu wa kioo, unakizamisha kwenye chombo cha maji matupu, na unasubiri. Maji ya nje yanajipenyeza kuifuata sukari, sukari yenyewe haitoki, na taratibu unaona maji yanapanda kwenye mrija. Hiyo ndiyo osmosisi. Kufunga kibofu ndiyo kazi niliyoiogopa kidogo kuliko zote, maana watoto wa bucha tulivipuliza tukavichezea mpira kabla hatujajua kusoma.

Kilichokosekana ni sukari. Duka la ushirika hakuna, jikoni shuleni tulikuwa tunakunywa uji wa chumvi, na siku ya wazazi ilikuwa kesho. Ndipo Yustina, tuliyekaa naye dawati moja na kwao ni Kihesa, hapo hapo Iringa, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, "Kwani kinachotakiwa si utamu tu? Shangazi ana ulanzi."

Kwa asiyejua, ulanzi ni maji ya mwanzi. Mwanzi mchanga unakatwa ncha, unatundikiwa chombo, unadondosha usiku kucha. Ukiwa mbichi unaitwa mtogwa, mtamu hata watoto wanakunywa. Ukikaa unakuwa pombe, na pombe shuleni kwetu ilikuwa tiketi ya kurudi kwenu moja kwa moja. Lakini mtogwa si pombe, nikajiambia, ni maji yenye sukari aliyoitia Mungu mwenyewe, na nikaona hata mwalimu atanisifu kwa kutumia mali ya nyumbani. (Mnaona? Hapo ndipo nilipoteleza, na nilijiona nina busara.)

Tukaomba ruhusa ya kwenda mjini, tukafika kwa shangazi wa Yustina, tukasalimiana kamwene, kamwene, akatujazia kibuyu. "Mnywe leo leo, wanangu," akasema. "Huu haulali." Nikaitika "Ndiyo, shangazi" nikiwa nimeshageuka mlangoni.

Jioni nikakijaza kibofu, nikafunga mrija kwa uzi wa katani, kazi safi kabisa. Tatizo likawa nyuki na nzi, waliufuata ule utamu mpaka ndani ya maabara, basi nikauziba mrija kwa kizibo juu. Halafu baridi ya Iringa mnaijua, nikahofia maji yatachelewa kupanda, na kwa kuwa mwalimu alishatuambia joto huharakisha mambo, nikaomba chombo changu kilale kwenye ukuta wa jiko la shule. Kwa hiyo nilikitia kibofu kitu kilicho hai tumboni, nikakifunika mdomo, kisha nikakiotesha moto. Na nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Asubuhi nikakuta kibofu kimevimba, kimekaza kama ngoma. Jamani, nilijivuna. Nikamwita Yustina aone maji yalivyoingia kwa nguvu, nikamwambia hata kitabu hakijawahi kupata osmosisi ya namna hii.

Maabara ikajaa. Mbele wamekaa mkuu wa shule na mgeni rasmi, ofisa wa elimu aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, nyuma yao wazazi, na baba yangu pembeni na kofia yake mapajani, amesafiri kutoka Mbalizi kuja kuniona. Nikaeleza utando vizuri, sauti imetoka, hata Mwalimu Sanga akawa anatikisa kichwa kukubali. Kisha nikasema, "Sasa ndugu mgeni rasmi, naomba usogee uone maji yatakavyopanda," naye akasogea, akainama, nami nikakivuta kizibo kwa madaha kama mtu anayefungua sherehe.

Kizibo kilinitoka mkononi kikapiga dari. Ulanzi ukafuata, mweupe, na povu lake, ukamwingia mgeni rasmi usoni, ukashuka kwenye tai, ukaenea suti yote, na ukaendelea kutoka huku mimi nikijaribu kuuzuia kwa kiganja, jambo lililosaidia tu ulanzi umfikie na mkuu wa shule. Halafu harufu ikafika nyuma kwa wazazi. Mzee mmoja wa Kihehe akavuta pumzi akasema taratibu, "Huu umeiva." Chumba kizima kikaangua kicheko, isipokuwa baba yangu, aliyekuwa ameshasimama.

"Nani ameleta pombe humu?" mkuu wa shule akauliza, kwa sauti ile ile ndogo, na kicheko kikakatika.

Yustina akaangalia viatu vyake. Mimi nikaona muhula ujao wote, sindano, uzi na vitambaa vya meza, na sijui nguvu ilitoka wapi. "Ni mimi, mwalimu. Ila sikuleta pombe, nilileta mtogwa. Pombe imetengenezwa humu ndani, na waliotengeneza ni seli."

Mgeni rasmi alikuwa anajifuta macho kwa leso. "Seli zipi?"

"Za hamira, ndugu. Zimo kwenye ulanzi, kila moja ni kiumbe kizima na ina utando wake. Kibofu hiki kimekufa, chenyewe kinachuja tu, kimeizuia sukari isitoke. Lakini utando wa hamira uko hai, unachagua. Umeifungulia sukari mlango, ikaliwa ndani, kisha ukatoa nje pombe na hewa. Hewa ikakosa njia kwa sababu mimi niliziba. Kwa hiyo jaribio halikuharibika, ndugu mgeni rasmi. Nimekuonyesha tando nyingi kuliko nilizoahidi."

Mgeni rasmi akamgeukia Mwalimu Sanga. "Umewafundisha haya?"

"Bado," Mwalimu Sanga akasema. "Hiyo sura hatujaifikia. Amejisomea." Na alitabasamu hivi, mpaka leo nikiwa na siku mbaya nalikumbuka tabasamu lile.

Mgeni rasmi ndiye aliyeanza kupiga makofi, mikono yake ikinata. Baba alinifuata nje baadaye, akasema, "Mwanangu, sijaelewa hata nusu. Lakini hukutetemeka." Nililia hapo, si kabla.

Adhabu niliipata. Nilifua ile suti kwa mikono yangu, nikafyeka uwanja wa mpira mpaka viganja vikaota malengelenge, na mwisho mkuu wa shule akaniita tena ofisini. Nikasimama nasubiri kuhamishwa.

"Nimefikiri," akasema. "Maarifa ya nyumbani siwezi kukupeleka. Utawalewesha wenzako wote jikoni. Baki huko huko kwenye seli zako."

Nilitoka nikikimbia, nikagonga mlango, nikaomba radhi kwa mlango. Nimefundisha baiolojia miaka mingi tangu hapo, na nimeapa jambo moja ambalo sijalivunja: mgeni rasmi akija darasani kwangu, namwonyesha picha ukutani.