Namba ya Siri Iko kwa Mama Mkwe

Juzi nilisimama kwenye kibanda cha fundi wa simu pale Kondele, mtoto kwapani, maneno yakinitoka mbio. "Nifungie video zote, fundi, leo hii, kabla sijabadilisha nia." Asubuhi hiyo nilikuwa nimeikodolea simu macho, na nilipogeuka mtoto alikuwa ametambaa hadi kwa jiko, kidole kikikaribia sufuria ya uji. Hakuungua, lakini moyo wangu haujatulia hadi sasa.

Fundi aliweka programu ya kufunga, kisha akaifunika simu kwa kiganja. "Namba ya siri ukiijua wewe, Mama, kesho utafungua. Nipe mtu unayemwogopa, yeye aitunze."

Mteja nyuma yangu akacheka. "Asiwe mume! Huyo utambembeleza tu."

Nikampigia mama mkwe, anayeishi Awasi. Ilibidi aambiwe sababu, nami nikamwambia yote kwa pumzi moja, nikingoja matusi. Akauliza, "Lile kovu la kiwiko cha bwana yako, alikuambia ni la nini?"

"La mpira, Mama."

"Mpira gani? Ni la jiko. Mimi nilikuwa uani, napiga stori na jirani. Haya, mpe fundi simu nimtajie namba."

Video zimefungwa sasa, wasomaji. Lakini mlango wangu unatazamana na wa jirani, na stori zake ni tamu kuliko video. Siku hizi hata nikifua, mtoto yuko mgongoni.