Dawa ya Majani Aliyoificha Tania

Mama yangu, Bi Mayasa wa Tanga, anadeki wodi ya watoto mahututi hapa Johannesburg. Kwa miaka tisa ameona mengi. Baridi ikiingia wanaletwa wenye vifua, joto likija wanaletwa wanaoharisha. Wengi wanapona.

Juzi aliletwa mtoto wa Tania, Mrundi wa mtaa wa Rosettenville, ini limegoma. Daktari akauliza amepewa nini nyumbani. Tania akasema hakumpa kitu. Daktari alipotoka, mama yangu akaacha kudeki.

"Mwanangu, ulimpa dawa ya majani?"

"Hapana, mama."

"Eish, usinidanganye mimi! Wangu wa kwanza nilimpa, nikaogopa kugombezwa, nikanyamaza. Nilimzika."

Tania akalia, kisha akatoa kichupa mkobani. Mama akamkimbilia daktari nacho, hata ndoo akaipiga teke, maji yakamwagika wodi nzima.

Mtoto bado yuko kwenye mashine, ila sasa madaktari wanajua wanatibu nini. Mama alinisimulia hayo tukila. Mimi sikuwahi kujua kwamba nilikuwa na kaka. Nikamuuliza jina lake.

"Pandu," akasema, akaniongezea mboga.