Kamera ya Marehemu wa Chala

Mdogo wangu alipokatwa mguu, watu walimletea machungwa, sabuni na maneno. Maneno ndiyo yaliyozidi. Mmoja alimwambia amshukuru Mungu, kwa kuwa aliyekuwa kwenye pikipiki ya pili alikufa palepale ajalini. Mwingine, mama mzima mwenye heshima zake kanisani, alimwambia mguu mmoja unatosha kumfikisha mbinguni. Huyo nilimsindikiza nje kabla hajamaliza chai yake. Niliporudi ndani nilimkuta mdogo wangu kageukia ukuta, na akakaa kageukia ukuta huo mpaka watu wakaanza kuvuna.

Mimi ndiye niliyemleta kutoka Mbeya. Nilikuwa nauza masweta ya mtumba hapa Sumbawanga, na baridi ya huku haikosi wateja, kwa hiyo nilimwambia aje aendeshe bodaboda, tutapanga vyumba viwili mtaa wa Kizwite na maisha yatakwenda. Na kweli yalikwenda. Alikuwa mtani, hana siri, akiingia ndani lazima akutie maneno mpaka ucheke. Baada ya ajali akawa anakula tonge mbili anasema ameshiba. Mchana mmoja nikiwa naanika mahindi, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ile dawa ya kuhifadhia mahindi nimeiweka wapi. Nilimjibu sijanunua. Jioni hiyohiyo niliifunga kwenye mfuko nikaipeleka kwa jirani. Tangu hapo kila nilipofunga kibanda sokoni nilirudi nyumbani mbio, roho mkononi, nikiogopa kufungua mlango.

Kilichonijia ni kamera. Kabla ya mambo ya pikipiki alikuwa akimsaidia mpiga picha mmoja kwenye harusi huko Mbeya, na kazi hiyo aliipenda mno. Ndugu zetu walinicheka kwenye simu, wakasema siku hizi kila mtu ana picha mfukoni, kamera ya nini. Hawajui kitu. Mzazi aliyemshonea mtoto gauni jeupe la komunio hataki picha ya simu ya shemeji, anataka picha ya karatasi ya kutundika ukutani. Na picha za paspoti za wanafunzi mtu anapiga amekaa kwenye kigoda. Nilichotaka ni asubuhi moja tu aamke akiwa na mahali pa kwenda.

Zamu yangu ya kupokea kwenye mchezo wa kuchangishana wa akina mama ilikuwa imefika, na hiyo ndiyo pesa niliyokuwa nayo, hakuna nyingine. Kamera mpya hata sikuuliza. Mjini kijana mmoja alinitolea ya mtumba yenye ukungu ndani ya lenzi, akaapa kwamba ukipigia juani ukungu unaondoka wenyewe. Nimeuza mtumba miaka yote hii, halafu mtoto wa juzi anifundishe kudanganya! Nilimrudishia kamera yake nikamwambia akampelekee mama yake.

Mteja wangu mmoja wa masweta ndiye aliyenielekeza Chala. Alisema kuna mpiga picha amefariki pale, na mkewe anauza vitu. Nikapanda basi, nikamkuta mjane mwenyewe uani anapepeta ulezi, kitambaa cheusi kichwani. Tulisalimiana, nikampa pole, tukakaa. Kwanza nilimuuliza kama ukoo umeshakaa, kwa sababu mali ya marehemu haitoki nyumbani kabla ndugu hawajakaa na kugawa, na sikutaka kuja kukutana na mashemeji mlangoni kwangu. Alisema wamekaa, mashemeji wamechukua baiskeli na bati, kamera wamemwachia yeye kwa vile hakuna anayeijua. Hakunivutavuta kwenye bei. Aliifuta kwa upande wa kanga yake, akanikabidhi na chaja, akarudi kwenye ulezi wake.

Mdogo wangu aliipokea akiwa bado amelala. Aliigeuzageuza, akafungua kidogo, akafunga, kisha akajiinua akakaa mwenyewe bila kuniita. Nilijifanya natafuta chumvi ili asione machozi.

Ndani mlikuwa na picha za watu, maharusi, ng'ombe, watoto wa kipaimara. Tukazipitia pamoja. Ya mwisho ilikuwa ya mwanamume mwenye shati la bluu, amesimama mbele ya ukuta wa tofali za kuchoma, kashika mabega ya watoto wawili, anatazama mbele kama anayesubiri kuambiwa kitu. Hatukumjua. Mdogo wangu akasema mtumba unasafishwa kwanza, kisha akafuta zote. Alikuwa amekaa nami sokoni vya kutosha kujua sheria yangu: sweta haliingii kibandani kabla sijapekua mifuko na kutupa vya wenyewe. Na kitu cha marehemu ndiyo zaidi, mtu hataki mambo ya marehemu yamfuate. Mimi mwenyewe niliona amefanya vizuri.

Akaanza kazi. Jumapili alikaa nje ya kanisa na kigoda chake, siku za shule akapiga paspoti pembeni ya kibanda changu. Akarudia kunitania. Akawa anakula ugali wote na kuuliza kama mboga imebaki. Nikaanza kufunga kibanda kwa wakati wake na kutembea kama watu wengine.

Halafu mjane akaja, kaelekezwa na yule mteja wangu wa masweta. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti changu, miguu ina vumbi, mdogo wangu kamletea maji. Nilidhani mashemeji wamemtuma kuchukua kamera, na nikawa nimeshapanga matusi ya kuwapelekea. Kumbe hakutaka kamera. Misa ya arobaini ilikuwa imekaribia, na mezani panatakiwa picha ya marehemu. Siku ya mazishi walikuza ile ya kitambulisho, ikatoka kama moshi, mpaka mtoto wake mdogo akauliza yule baba ni nani. Mume wake alipiga picha Chala nzima, yeye mwenyewe hakuna aliyempiga. Isipokuwa moja, ya Pasaka, aliyojipiga kwa kuiweka kamera juu ya pipa na kukimbia kujipanga na watoto. Haikuwahi kusafishwa ikawa ya karatasi. Alikuwa na hakika imo humo ndani, kwani kamera ndiyo hiyohiyo.

Mdogo wangu alimuuliza taratibu, "Alivaa shati la bluu?"

"Ndiye," mjane akasema, na akatabasamu.

Sijawahi kuona tabasamu lililoniumiza kama lile.

Mdogo wangu alipomweleza kwamba amezifuta zote, tulikwenda wote watatu kwa fundi wa kompyuta mjini, yeye mbele na magongo yake, anakwenda kasi mpaka watu wanampisha. Fundi alijaribu kwa muda mrefu. Akatuambia kadi imeshajazwa picha mpya mara nyingi juu ya zile za zamani, hakuna cha kuokoa. Mjane hakuelewa, au hakutaka kuelewa, akamwomba aangalie tena. Akaangalia tena. Mdogo wangu alisimama pale akitazama sakafu, na nilivyomwona uso wake, nilijua alikuwa akirudi kulekule nilikomtoa.

Tuliporudi nyumbani aliiweka kamera mapajani mwa mjane. Akamwambia aichukue, hadai kitu, yeye hataigusa tena. Mjane aliitazama. Baadaye akairudisha mikononi mwa mdogo wangu.

"Basi nipige mimi," akasema. "Na mimi sina."

Mdogo wangu akamsogezea kigoda mlangoni kwenye mwanga. Mjane akajifuta uso, akaweka sawa kitambaa chake cheusi, akatulia. Mdogo wangu akamwambia, kama anavyowaambia wote, atabasamu kidogo.

"Nitabasamu ya nini, baba? Picha hiyo ni ya msalabani, kaburini kwangu. Watoto wasihangaike kama ninavyohangaika mimi."

Akampiga. Akarudia mpaka ikatoka safi. Nilimsindikiza mjane hadi kituo cha mabasi, nikamlipia nauli, nikamwambia pole.

Nilirudi mbio kama zamani. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kile kigoda mlangoni, kamera shingoni. Alinipa, akanionyesha pa kubonyeza.

"Dada, nipige na mimi."

Nilimuuliza waziwazi, nikilia, kama anataka kufa. Nikamwambia kama ndivyo aniambie sasa hivi, sipigi picha ya msalaba wa mtu yeyote. Alishika gongo lake, akajiinua, akasimama akiegemea mwimo wa mlango, suruali imekunjwa pale inapoishia.

Niliiinua kamera nikamwona kifua na kichwa tu, nikaona afadhali hivyo.

"Rudi nyuma," akasema. "Mpaka chini, dada. Nichukue mpaka chini."

Nikarudi nyuma.